Onyo nililolipita kila asubuhi

Tangu Git 2.27 (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) itoke mwaka 2020, kila nilipoandika git pull, amri ya kuvuta mabadiliko ya wenzangu, nililetewa onyo la aya nzima: kuvuta bila kusema matawi yaliyoachana (nakala yangu na yao, kila moja ikiwa na mabadiliko yake) yapatanishwe vipi hakushauriwi, chagua moja kati ya njia tatu. Sikuisoma. Ningeisomaje, wakati ilinipigia kelele hata pale ambapo matawi hayakuachana kabisa! Mimi ningeandika hivi: “Hukuchagua, kwa hiyo nitaunganisha. Hutaki? Badilisha hapa.” Basi.

Baadaye watengenezaji wa Git walilirekebisha onyo hilo, likawa linatokea historia zikitofautiana kweli tu. Kuanzia 2.33.1 si onyo tena, amri inagoma. Iliponigomea ndipo nikasoma (aibu yangu), nikaweka mpangilio wa pull.ff kuwa only, yaani ivute tu pale ambapo matawi hayajaachana. Dakika moja tu, baada ya mwaka mzima wa kunung’unika.