Nimerudi, na masanduku mawili ya lenzi

Wiki ya tatu sasa niko nyumbani, baada ya miaka 11. Begi moja la nguo, masanduku mawili ya lenzi.

Wengi mmeniuliza nilikuwa nafanya nini hasa huko nje. Nilianza kwenye seti za filamu, yaani mahali pa kurekodia, kwa kubeba nyaya na miguu ya kamera. Kisha nikawa msaidizi wa kulinda fokasi, yaani picha isipoteze ukali, kazi ambayo ukikosea kidogo tu, mwigizaji aliyekwisha kutoa machozi ya kweli anaambiwa alie tena. Kuitwa mpiga picha mkuu, yule anayeamua pamoja na mwongozaji taa ikae wapi na giza liachwe kiasi gani, kulinichukua miaka sita. Mwaka 2018, Rachel Morrison alipokuwa mwanamke wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya upigaji picha, tuzo zinazotolewa tangu 1929, mimi nilikuwa kwenye seti nafuta vumbi la lenzi. Nilikaa juu ya sanduku nikalia.

Video za muziki ndizo zilizonilisha. Filamu inakupa wiki kadhaa; video inakupa siku moja, na msanii mwenyewe kachelewa. Humo ndimo nilimojifunza ufundi ninaoupenda kuliko wote: wimbo unapigwa kwa kasi mara mbili, msanii anaimba akiufukuzia, na kamera inachukua fremu, yaani picha moja moja, 48 kwa sekunde. Ukija kuionyesha kwa fremu 24, mwili unaelea kama uko majini, lakini midomo haipishani na sauti hata silabi moja. Siku ya kwanza kuliona hilo nilimwomba mhariri akirudie kipande mara saba.

Kilichonirudisha, hata hivyo, ni nyuso. Nilizoea kuingia kwenye seti nikakuta taa zimepangwa kwa ngozi nyeupe, na akija mtu mweusi, dawa ya kila mtu ni kuongeza mwanga. Jambo hili lina mizizi mirefu. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Uso wake ndio uliokuwa kipimo cha kila uso. Ngozi nyeusi haitaki kumwagiwa mwanga. Yenyewe inaakisi. Iwekee pembeni chanzo kikubwa na laini, hata shuka jeupe lililomulikwa, uone mng'ao unavyochora shavu, taya na paji la uso. Ukiipiga taa kali ya mbele, umeitoa uhai. Nimegombana sana kwa ajili ya hili, na kazi moja niliipoteza.

Juzi vijana walionialika kwenye video yao ya kwanza waliniuliza, "Dada, mbona uso wake unapauka?" Taa ilikuwa imemkabili mwimbaji machoni. Tukaigeuza ikamulika ukuta mweupe ubavuni kwake, basi. Mwimbaji akaja kujitazama kwenye skrini, akanyamaza kitambo, akaomba turudie wimbo wote kuanzia mwanzo. Tulirekodi hadi betri ya mwisho ikazima.

Jumatatu naenda kwao tena, na masanduku yote mawili nayaacha huko.