Mashoto kwenye mpira wa magongo

Mimi ni mashoto tangu utotoni, na vikofi vyote vya bibi havikunibadilisha. Kwa hiyo nilipoanza kwenda mazoezi ya mpira wa magongo Kidongo Chekundu, kitu cha kwanza kumuuliza kocha kilikuwa gongo la mashoto linapatikana wapi.

"Halipo, mwanangu. Si hapa, si India."

Kweli halipo. Gongo lina uso mmoja bapa, ule wa upande wa kushoto. Upande wa pili ni wa mviringo, na ukiugusisha mpira tu refa anapuliza. Sheria ni hiyo hiyo kwa dunia nzima. Kocha akanishikisha gongo: kushoto juu kabisa kwenye mpini, kulia chini. Akaniambia mkono wa kulia uwe bomba tu, mpini uzunguke ndani yake. Anayegeuza gongo ni mkono wa kushoto. Pale ndipo nilipocheka. Wenzangu walikuwa wanabana kwa mkono wa kulia hadi gongo haligeuki, mimi mkono wangu wa kazi ulikuwa tayari uko juu.

Hata hivyo ujuzi haukuja wenyewe. Nyumbani Temeke tuna uwa wa saruji, na jioni nilikuwa naweka mkono wa kulia mgongoni, naburuza mpira kwa kushoto peke yake: kushoto, geuza gongo hadi ncha iangalie chini, rudisha kulia, geuza tena. Nilitumia mpira wa tenisi. Mpira wenyewe wa hoki una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu kama jiwe, na vioo vya mwenye nyumba navijua bei yake. Kifundo cha mkono kiliwaka moto siku za mwanzo, kikazoea. Kwenye daladala makonda walikuwa na swali moja tu: "Dada, unaenda kupigana na nani?"

Kocha akanipanga winga ya kushoto. Wengi hawaipendi, kwa sababu ukishuka nayo hadi karibu na mstari wa mwisho, goli liko kulia kwako, na bila kuligeuza gongo lazima uuzunguke mpira kwanza ndipo upige. Beki hakusubiri. Ukiligeuza gongo, unapiga hapo hapo bila kubadili hatua. Mabeki wa timu pinzani walikuwa wananisukumia huko huko kushoto wakidhani wamenibana.

Pigo kubwa la kukunjua mikono yote miwili bado si langu, nalionea wivu kwa wenzangu. Lakini goli halihesabiwi mpaka mshambuliaji auguse mpira ndani ya D, lile eneo la nusu duara mbele ya goli, ambayo upeo wake ni mita 14.63 tu kutoka golini, kwa hiyo mengi ya magoli yangu ni ya kugusa: nasimama nguzo ya karibu, gongo chini kabisa, mwenzangu anaupiga kwa nguvu, mimi naubadilishia njia tu.

Kama nawe ni mashoto na unataka kujaribu, usihangaike kutafuta gongo maalumu madukani. Vaa kinga ya ugoko na ya meno, gongo utaazimwa uwanjani.