Tangu mavuno

Jana sijalala vizuri, na safari hii si joto wala yule mbwa wa jirani. Ni Babu wa Kwa Mtoro, yule anayetusimulia hadithi kwa Kisandawe.

Kazi yangu ni kupanga sauti tulizorekodi za lugha ya Kisandawe ziende kwenye jalada. Sasa rekoda iliishiwa betri kule, saa yake ikarudi mwanzo, wiki nzima ya Kisandawe ikajiandika 1 Januari. Ndo nimefikia hapo. Faili 31. Kila jina la faili linaanza na herufi tatu za lugha, inafuata tarehe, inafuata namba, na herufi za Kisandawe kwenye orodha ya lugha za dunia ni sad, kwa hiyo asubuhi hadi jioni mi naandika sad, sad, sad (kwa Kiingereza ni "huzuni", wanaokijua washacheka). Na jedwali linataka kujua nani anaongea, wapi, lini, nani mwingine alikuwepo. Jalada lenyewe, ELAR, linalotunza rekodi za lugha zilizo hatarini kupotea, lilihama London likaenda Berlin mwaka 2021, mi niko Dodoma kwenye kiti kilekile.

Basi Jumatano nikampigia Babu. Nilikuwa na haraka, mkataba unaisha tarehe 30, sendofu ya dada imepita salama na mama katoka wodini, kichwa kimejaa. Shikamoo Babu, marahaba, na hapohapo nikamrushia swali: ile hadithi ya fisi, yenye mwanamke anacheka kwa nyuma, tulirekodi siku gani na yule ni nani?

Kimya. Nikajua mtandao.

"Kwani bado mnanisikiliza?"

"Kila siku Babu, tangu mwezi wa nane. Uko masikioni mwangu mpaka jioni."

"Haya. Wewe unanisikia kila siku, mimi sijakusikia tangu mavuno."

Hakusema kwa hasira, afadhali angefoka. Alisema kama mtu anayehesabu chenji. Na unajua nilimjibu nini? "Kazi nyingi, Babu." Kazi nyingi! Kazi yenyewe si ndo yeye?

Tangu siku hiyo nairudia simu ile kichwani nikiosha vyombo, nikiwa kwenye daladala, sad_namba ngapi sijui. Ningesema samahani. Ningeanza na hali ya nyumbani kama mtu aliyelelewa. Kwenye ELAN, programu ya kuandikia maneno ya rekodi, naiona mpaka pumzi yake, ule mstari unavyonyanyuka kabla hajaongea, najua anakohoa kidogo kabla ya kutia chumvi kwenye hadithi, najua jioni akichoka vidoko vyake, zile sauti za Kisandawe za kudokoa ulimi, vinalegea, ila kwamba ng'ombe wake wawili wamekufa mwezi wa kumi sikujua, na nimejua kwa sababu mwishoni ndo nilikumbuka kuuliza mifugo.

Tarehe alinipa lakini. "Ni kesho yake ya siku mliyokwama mtoni." Nikafungua lile daftari la kijani, nikakuta hela niliyowalipa vijana waliosukuma gari, tarehe ipo. Babu na daftari wameishinda rekoda ya laki ngapi sijui.

"Na yule anayecheka, Babu?"

"Si wewe huyo!"

Nikabisha. Akacheka mpaka akakohoa, akasema nenda kasikilize vizuri. Nikavaa hedfoni, dakika ya 14, pale fisi anapokataa kulipa deni, na kweli ni mimi, tena kicheko cha shangazi yangu kabisa, kile cha kuvuta hewa ndani kama pampu ya baiskeli, kile nilichokuwa namcheka kwa ajili yake utotoni. Nimelisikia faili hilo mara tano na nimeandika "mwanamke, hajulikani". Nimefuta, nimejaza jina langu, nikacheka tena peke yangu ofisini mpaka mlinzi akachungulia.

Jumapili ntampigia, na sitauliza faili lolote. Zimebaki faili 12 za kupandisha jaladani na saa moja ya sauti ni zaidi ya GB 1, bando litaniua.

Af kingine, baba mwenye nyumba leo kapita mlangoni mara mbili, kasimama, hajasema kitu, kaondoka. Kodi nimelipa mpaka Januari. Sijui anataka nini.