Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana, Antigua

Mji wa St. John's, makao makuu ya Antigua, kisiwa cha Karibi, umeinuka taratibu kutoka bandarini, na popote nilipopita niliiona minara miwili ya kanisa kuu la Kianglikana ikichungulia juu ya mapaa. Niliingia uani kupitia lango la kusini, ambalo nguzo zake zimebeba sanamu za Yohana Mbatizaji na Yohana Mwinjilisti. Inasimuliwa kwamba Waingereza walizipora kutoka katika meli ya Kifaransa karne ya 18. Sikustaajabu, kwani utajiri wa kisiwa hiki cha mashamba ya miwa nao ulikuwa wa kupora, ukitokana na jasho la Waafrika waliofanywa watumwa hadi tarehe 1 Agosti 1834.

Jengo lililopo ni la tatu. La kwanza, la miaka ya 1680, lilikuwa la mbao. La pili lilijengwa kwa matofali katika miaka ya 1720, likadumu zaidi ya karne moja, hadi lilipobomolewa na tetemeko la tarehe 8 Februari 1843, wakati dayosisi ya Antigua, iliyoundwa mwaka 1842, ilikuwa bado changa. Ujenzi mpya ulianza mwaka 1845 kwa michoro ya Thomas Fuller, kijana kutoka Bath, Uingereza, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1848.

Kwa nje, nakiri, halikunivutia sana: mawe ni mazito, na minara yenye kuba inajikweza kupita kiasi. Nilipovuka kizingiti ndipo nilipoelewa sifa zake. Kuta, nguzo na dari, vyote vimevikwa mbao za msonobari zenye rangi ya asali iliyokolea, hata mtu hujiona yuko ndani ya kanisa la mbao lililofichwa katika la mawe, kama kokwa ndani ya ganda lake. Haya hayakuwa mapambo tu. Waliokwisha kuona matofali yakiporomoka walitaka kiunzi cha mbao kiwakinge waumini iwapo ardhi ingetikisika tena au kimbunga kingepiga, na kweli tetemeko la mwaka 1974 lililitia jengo hilo madhara makubwa, ingawa halikuliangusha.

Fuller mwenyewe alihamia Kanada mwaka 1857, akashiriki kubuni jengo kuu la Bunge mjini Ottawa. Jengo hilo liliteketea kwa moto mwaka 1916, ikanusurika maktaba yake.