Siku yangu: kipindi ambacho wenzangu hukiita mapumziko

Saa kumi na moja alfajiri niko macho na rundo la insha za jana. Saa moja na nusu hadi saa nne ni sarufi, madarasa matatu mfululizo. Sina la kusimulia hapo.

Saa nne na nusu, mjadala: ndiyo hayo "mapumziko" yangu. Wiki jana niliwaachia wachague mada, wakachagua sare. Kabla ya hapo simu shuleni, na kabla ya hapo adhabu. Utadhani dunia inaishia getini! Nahisi wanaona shule ndilo jambo pekee wanaloruhusiwa kulisemea mbele ya mwalimu. Leo nikaandika ubaoni: "Mwezi ni mali ya nani?"

Kimya. Mkono wa kwanza: "Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?" Haitatoka. Wa pili: "Shule ikijengwa mwezini, sare itakuwaje?" Darasa likaangua kicheko. Tumerudi palepale.

Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka. Basi nikasubiri. Tatu, tano, kumi. Ulimi unaniwasha, jibu ninalo, miguu inauma. Asiyefundisha hajui jinsi kunyamaza mbele ya watoto arobaini kunavyochosha kuliko kuhutubu.

Ndipo binti wa dirishani, ambaye muhula mzima sijasikia sauti yake, akasema: "Ni wa aliyefika kwanza."

"Kwani ukiwahi mtoni, mto unakuwa wako?" mwenzake akamrukia.

Pakawaka. Wakaingia mto, kisima, samaki wa baharini, mpaka shamba la babu wa mmoja wao ambalo shangazi yake hakupewa hata kipande. Nikawatupia mkataba wa anga wa 1967: hakuna nchi inayoruhusiwa kudai mwezi kuwa wake. "Na kampuni je, Mwalimu?" Nikakiri kwamba hata wanasheria wanabishania hilo. Mkuu akachungulia kuona kelele ni za nini. Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Kulikuwa na zamu, madaftari, kikao kirefu. Mwenzangu mmoja ofisini akanitania: "Wewe unalipwa kwa kupiga soga." Sauti ya kumjibu sikuwa nayo.

Natoka getini, wavulana wawili wananikimbilia. "Mwalimu, na jua je?"

Nikawaambia jua tutaligawa kesho.