Kutoka Mkoani hadi Ras Kigomasha

Pemba haizidi kilomita 70 kutoka kusini hadi kaskazini. Ukiitazama kwenye ramani unadhani ni safari ya asubuhi tu. Sisi ilituchukua siku nzima, na sioni hata saa moja iliyopotea.

Tulikuwa walimu wa skuli mbalimbali za Unguja, tumekodi kosta, na tuliondoka Mkoani, mji wa bandari wa kusini, mara baada ya sala ya alfajiri. Dereva wetu alikuwa kijana wa Mtambile, na alijua kila kona ilipo. Wa Unguja tumezoea tambarare. Pemba barabara haitulii: unapanda, unateremka, mabondeni mpunga, vilimani mikarafuu, na kabla hujamaliza kukitazama kilima kimoja umeshaanza kingine.

Kabla ya kufika mji wa Chake Chake tulikata kulia kwenda Pujini, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala anayesimuliwa Pemba nzima kwa ukali wake. Inasemekana aliwalazimisha watu wabebe mawe huku wakijikokota kwa makalio. Ngome ni ya karne ya 15. Leo kilichobaki ni kuta zilizomezwa na majani na kisima ambacho, kwa mujibu wa masimulizi, kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane wanapoteka maji. Pujini inastahili uangalizi mkubwa zaidi. Mahali kama hapa watoto wetu wangepaswa kupajua kabla ya kusoma habari za majumba ya wafalme wa Ulaya.

Chake tulikunywa chai, tukaendelea.

Tulipopita Ole ndipo safari iliposimama kwa kweli. Ulikuwa msimu wa karafuu, na kila uwanja wa nyumba ulikuwa umetandikwa majamvi. Karafuu huchumwa bado ni kijani chenye wekundu, kabla ua halijafunguka. Jioni familia nzima hukaa kuzichambua na kutenga makonyo, yaani vijiti vyake, kisha huanikwa juani siku kadhaa mpaka ziwe kahawia. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Tatizo ni kwamba uchumaji hukutana na mvua za vuli, na karafuu iliyolowa ikavunda haina bei nzuri.

Wingu lilitukuta hapohapo. Bi mkubwa mmoja alikuwa peke yake na majamvi yake manne, vijana wote wako shambani juu ya mikarafuu. Hakuna aliyetoa amri. Dereva alifunga breki, tukamiminika sote, wengine wakakunja majamvi, wengine wakakumbatia magunia, hadi mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa nasi akaingia ukumbini na mzigo begani. Tone la kwanza lilianguka jamvi la mwisho likiwa mlangoni.

"Ahsanteni wanangu, Mungu awalipe," alisema, akatukalisha na kutumenyea machungwa. Akatueleza kuwa wachumaji hulipwa kwa pishi, na karafuu ikishakauka hupelekwa kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la serikali ambalo ndilo pekee linaloruhusiwa kununua.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa mikarafuu mingi mno ya Unguja, kikaiacha ya Pemba karibu yote. Tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar hutoka huku. Nimewafundisha wanafunzi jambo hilo miaka mingi. Uwanjani pale, mikono ikinukia karafuu, nililielewa upya: uchumi wa nchi ulikuwa ukiangalia wingu la mama mmoja.

Mvua ilipokatika tukapita Konde na kuingia msitu wa Ngezi, ambako mivule imefunika barabara na hewa inapoa ghafla. Mpapindi, mti mwembamba wa msituni wa jamii ya minazi, hauoti kwa asili mahali pengine duniani ila Pemba. Kima punju tuliowaona si wa asili ya hapa. Waliletwa kutoka Jozani mwaka 1974.

Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa, tulifika jua limeshaelemea magharibi. Mnara wa taa wa chuma, wa mwaka 1900, una ngazi za kuzunguka, na juu yake unaona msitu upande mmoja na mkondo wa Pemba upande wa pili. Tulikaa kidogo tu, kwa sababu dereva hakutaka kuvuka Ngezi usiku.

Tulilala Wete. Ratiba ya kesho yake ilikuwa makumbusho ya Chake na kisha meli. Kwenye chakula mwalimu mkuu mstaafu aliomba tutoke mapema zaidi tupitie Ole, kwani bi mkubwa alituambia vijana wake hawatoshi kuchambua. Tulikubaliana wote, na dereva akasema hatodai nyongeza.