Vitunguu vya harusi ya mdogo wangu

Mdogo wangu wa mwisho aliolewa Tanga, Julai 2018, na kwetu chakula cha harusi kinapikwa nyumbani, kwa hiyo siku ya kuamkia nikaha uwani palijaa kina mama toka alfajiri. Mimi ndo dada mkubwa. Dada mkubwa wa bibi harusi hakuna anayemuuliza kama ataweza kazi, anaulizwa tu amefikia wapi.

Nina sikoseli, ugonjwa wa seli nyekundu za damu. Watu wengi wanaijua kwa yale maumivu makali ya kukimbizwa hospitali, ila kuna maumivu mengine ya kila siku ya nyonga na mgongo, halafu kuna uchovu, na huo uchovu ndo nashindwaga kuwaelewesha watu. Seli nyekundu ya mtu asiyeumwa inaishi kama siku 120, zetu zinavunjika ndani ya siku 10 mpaka 20, mwili unatengeneza damu usiku na mchana na bado haitoshi. Yangu wakipima wingi wa damu inachezea 7, 8, yaani iko chini. Kwa hiyo hata nikiwa nimelala tu mwili wangu upo kazini.

Harusi ya kaka sikuiona, nilikuwa wodini. Hii ya mdogo wangu nilisema lazima niione, basi mapema kabisa nikakaa na mama tukapanga. Nikamwambia mama mimi jikoni kwenye moto sikai, maji sibebi, vyombo kwa maji ya baridi sioshi maana baridi inaniamshia maumivu, nipe kazi za kukaa. Thomu na tangawizi nikaanza kumenya siku kadhaa kabla, kidogo kidogo, naweka kwenye friji. Mchele nao nikauchambua hivyo hivyo, sinia moja asubuhi, moja jioni, basi.

Siku yenyewe nikapewa vitunguu vya biriani. Nikaweka kiti cha mgongo, sio kigoda, nikavaa sweta na soksi maana upepo wa kusi ulikuwa unapiga, nikatega alamu kwenye simu, dakika 20 nakata, dakika 15 naingia ndani najinyoosha na kunywa maji. Daktari wa kliniki alishaniambia nisisubiri kuchoka ndo nipumzike, nipumzike nikiwa bado nina nguvu. Na hapo ndo penye mtihani jamani, kwa sababu alamu ililia stori imekolea, tunacheka, mikono haiumi, najisikia vizuri kabisa, na nusu beseni ya vitunguu iko mbele yangu. Ukiwa unaumwa kuinuka ni rahisi, kila mtu anaona. Kuinuka ukiwa mzima unatakiwa uwe na roho ngumu.

Nikainuka. Shangazi mmoja akasema kwa sauti, "Huyu kila saa kulala, ana mimba nini?" Wakacheka wote.

Nililala kule ndani nawasikia, machozi yananitoka, na nilikuwa na hasira pia, nisiseme uongo. Mama akaingia na jagi la maji ya uvuguvugu, akaniambia, "Lala mwanangu, vitunguu havikimbii." Akatoka. Hakugombana na mtu, alikaa kwenye kiti changu akashika kisu changu akawa anakata, niliporudi akanirudishia kisu akaondoka kwenda kwenye masufuria yake. Akafanya hivyo kila nilipoingia ndani mpaka vitunguu vikaisha, na hakuna aliyenisema tena.

Nikaha niliiona. Usiku nilimsindikiza mdogo wangu mpaka kwenye gari kwa miguu yangu.

Siku mbili baada ya harusi nilishazitenga za kulala, hata wageni walishaambiwa. Yule shangazi akaja chumbani na chai, akakaa kitandani, akaniuliza huo ugonjwa wenyewe ukoje. Nikamwelezea, za damu, za baridi, kwamba unarithiwa kwa baba na mama wote wawili. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia mjukuu wake hajafika mwaka na mikono na miguu inamvimba, analia usiku kucha, wao wanamkanda tu na mafuta. Nikamwambia shangazi, huyo mtoto kesho asubuhi apelekwe akapimwe damu, msingoje aote meno, na waambieni hospitali kwamba kwenye ukoo kuna sikoseli. Kesho yake wakampeleka.